Sponji Isiyovuta Hewa

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Kianda, kijiji chetu cha Kibera, angekuambia kuhusu Fundi wa Hewa ni kwamba hakupaka mafuta. Kibera mtu anaweza kukosa viatu na asisemwe, anaweza kulala njaa na asijulikane, lakini akitoka nje miguu imepauka kama aliyekanyaga unga, atasemwa mpaka ahame. Fundi alitoka hivyo kila siku. Vidole vyake vilichanika kwenye viungo, na Jumapili kanisani akina mama walisogea kwenye benchi, baadhi kwa huruma na baadhi kwa aibu ya kuonekana naye. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta mmoja tu kati yetu, na mdomo ninao. Siku moja nilimwambia, "Fundi, hata mamba hung'aa."

"Mamba hashiki sponji, Mama Nekesa," akasema bila kucheka.

Jina lake la kwenye kitambulisho nililijua, lakini hakupenda litajwe ovyo na sitaanza leo. Alikozaliwa sikuuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya Ukambani, yangu ya Bungoma, na kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili hayo yanatosha kujuana.

Kazi yake ilikuwa juu ya paa la ukumbi wa shule ya kanisa, nyuma ya ploti yetu. Kulikuwa na sanduku la bati lenye miguu minne na kipaa kidogo, ungedhani ni nyumba ya kuku. Ndani yake mota ilinguruma mchana na usiku ikivuta hewa ya Kianda, ikaipitisha kwenye karatasi nyeupe, kisha kwenye sponji nene iliyokaa ndani ya kopo la kioo. Karatasi ilishika masizi. Sponji ilishika kile kisichoonekana. Kuna sumu, Fundi alinieleza, ambazo ukishazimwaga haziozi. Jua likiwaka zinapanda, upepo ukivuma zinasafiri, baridi ikija zinashuka, kesho zinapanda tena. Aliyezimwaga anaweza kufa akazikwa, zenyewe bado zinatembea. Mashine nyingine kama hiyo ilikuwa Kawangware, juu ya paa la zahanati, kwenye mtaa wa huko unaoitwa Kongo. Kila siku ya sita alibadilisha sponji hapa, akaenda akabadilisha na kule, na zote zikapelekwa maabara ya mjini.

Mimi nilikuwa nikishona yunifomu za shule, cherehani yangu mlangoni kwa sababu chumba hakikuwa na dirisha. Ndiyo maana nilijua mambo yake kuliko wengine. Kila alipotoka alinipita, na kila alipopita nilimuuliza swali.

Miiko yake ilikuwa mingi kuliko ya mganga. Mafuta ya kupaka hakuyagusa kwa sababu sponji inayanywa. Sabuni yenye harufu, hapana. Ugoro aliupenda kuliko chai, lakini siku mbili kabla ya kubadilisha sponji aliufungia kwenye kikopo akanipa mimi nimuwekee, asije akajisahau. Matatu hakupanda akiwa na sponji, maana huwezi jua jirani yako wa kiti amebeba nini. Alitembea kutoka Kianda mpaka Ngong Road, akapita Dagoretti Corner, akashika Naivasha Road mpaka Kawangware, kisanduku begani, sponji zimefungwa kwa foili. Mvua ikinyesha alivua koti akakifunika kisanduku, yeye akalowa.

Vijana waliokuwa wakikutana nyuma ya ukumbi kuvuta bangi walidhani mashine ni ya serikali, ya kusikiliza watu. Miaka ile ukiona waya usioujua ulinyamaza. Siku moja mmoja wao alijikaza akamsimamisha mbele ya mlango wangu.

"Sasa mzee. Hiyo kitu iko huko juu, inarekodi?"

"Inarekodi."

"Inarekodi nini?"

"Ile mnavuta."

Wale vijana hawakuonekana nyuma ya ukumbi kwa mwezi mzima. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano, yeye akabaki amekunja uso, akishangaa jibu la kweli linachekesha nini.

Hakujua mzaha, huo ndio ulikuwa upungufu wake. Watu wakimpita walimtania, "Fundi, leo hewa iko aje?" Naye alijibu neno moja, "Bado." Majibu ya maabara yalichukua miezi, kwa hiyo jibu lilikuwa bado kila siku, mwaka baada ya mwaka. Watoto wa ploti walilichukua. Ukimtuma mtoto maji anakuambia "Bado" kwa sauti ya Fundi, kidevu juu. Nekesa wangu alilijua neno hilo kabla hajajua kusema njaa.

Lakini alikuwa na siku zake za kusema. Akiwa amemaliza kazi, amerudishiwa ugoro wake, aliketi kwenye kibao mbele ya chumba chake akaniambia mambo ambayo sikutaka kuyajua. "Chakula kibaya unatema," alisema. "Maji machafu unachemsha. Mtu mbaya unahama. Hewa utafanya nini? Utaziba pua hadi lini?" Nilimwambia aache, maana nilikuwa na chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, jiko ndani, mtoto ndani, na sikuhitaji mtu wa kunikumbusha kwamba sina pa kutokea. Akavuta ugoro, akasema, "Mimi pia sina. Sponji ni siku ya sita." Nadhani ilikuwa njia yake ya kuniomba msamaha. Kwao hakuenda Krismasi, hakuenda Pasaka. Ndugu yake alizikwa siku ya sita, na siku ya sita Fundi alikuwa juu ya paa.

Nilimkasirikia kwa hilo, nikamwambia sponji haikumzaa. Ila siku ya mazishi alikuwa ameandika kwenye daftari lake la kazi, nililiona kwa macho yangu: "Jasho au chozi limeanguka karibu na kopo. Sponji hii isihesabiwe." Saa nayo imeandikwa pembeni.

Daftari hilo ndilo lilikuwa moyo wake. Aliandika kila kitu. Stima ikipotea dakika ishirini, aliandika, ingawa hakuna ambaye angejua. Jirani akikaanga omena, aliandika. Upepo ukigeuka kutoka upande wa Kawangware, aliandika. Na kila kitu kilikuwa na saa. Ukimwambia, "Fundi, kuna moshi mbaya ulipita," alichomoa kalamu akauliza, "Saa ngapi?" Ukisema hukumbuki, aliirudisha kalamu mfukoni. "Kitu bila saa ni uvumi," alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Sasa nifike kwenye shahidi.

Kila mwezi alibeba sponji moja ambayo haikuwekwa kwenye mashine. Aliipandisha paani pamoja na nyingine, akaifungua kwa muda ule ule wa kubadilisha, akaifunga, akairudisha. Haikuvuta hewa hata kidogo. Maabara waliipima kama nyingine. Hiyo aliiita shahidi. Niliona ni upuuzi, nikamuuliza kuna faida gani kupima sponji ambayo haijafanya kazi.

"Huyu hajavuta kitu," akasema. "Akirudi msafi, basi sumu ya wenzake imetoka hewani. Akirudi na sumu, basi sumu ni yetu sisi tuliombeba. Na wenzake wote hawaaminiki tena."

Mwanzoni sponji mpya alizihifadhi kwenye stoo ya kanisa. Stoo ikavunjwa, wezi wakachukua viti na spika, wakaziacha sponji. Fundi hakulala siku tatu. Mwishowe akazihamishia chumbani kwake, ndani ya sanduku la chuma, kwa kuwa hakukuwa na chumba kisafi kama chake Kianda nzima. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa kiburi cha mtu msafi. Maabara hawakuambiwa.

Aliniomba nimshonee sanduku kifuniko cha marikani. Nilikishona. Akataka kifuliwe mara tatu kwa maji matupu, bila sabuni, kikaushwe ndani na si juani ambapo moshi unapita. Nilikifua mara tatu. Nililaani, lakini nilifua. Kwa hiyo nilizijua sheria zake, na sina ujinga wa kujificha nyuma yake.

Ploti yetu ilikuwa na kunguni. Kila ploti ilikuwa nao, lakini wetu walikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa Fundi wa Hewa. Alikuwa amewasihi wapangaji wote wasitumie dawa, alikwenda mlango kwa mlango, na kwa kuwa ni mzee na hakuwahi kumwomba mtu kitu kingine chochote, wakakubali. Yeye mwenyewe alipigana na kunguni kwa maji ya moto na jua. Alitoa kitanda nje, akamimina maji kwenye viungo vya mbao, akasimama akiwaangalia wakifa. Kisha wengine wakaja kutoka ukutani, kwa sababu ukuta ulikuwa wa udongo na ufa ulipita chini kabisa, kutoka kwangu kwenda kwake.

Nekesa alikuwa na miaka mitatu. Alijikuna mpaka mgongo ukawa vidonda, vidonda vikatoa usaha. Hakulala, na mimi sikulala, na asubuhi nilishona kola zikatoka upande. Nilimwagia kitanda maji ya moto kama Fundi alivyonifundisha. Usiku wa pili wakarudi. Nilimweleza. Alikuja akamtazama mtoto mgongo, akasema, "Jua likiwaka tutatoa godoro tena." Wakati huo masika yalikuwa yameanza na jua lilikuwa halijaonekana wiki nzima.

Basi akapita muuza dawa. Yule wa kuita, "Ya panya, ya mende, ya kunguni!" Alikuwa na vifurushi vya gazeti vilivyofungwa kwa uzi. Nikamuuliza kama inafanya kazi.

"Hii ni ya Kongo, mathee," akasema. "Wanaitoa kwa mapipa ya zamani, si hizi za siku hizi za kubembeleza. Ukiweka leo, hata mwaka ujao iko."

Ninayakumbuka maneno hayo vizuri. Nilikuwa nimeyasikia mara ngapi kutoka kwa Fundi, kwamba kuna yadi Kongo inayopakia upya dawa ya unga iliyokwishakatazwa mashambani, na kuchoma magunia yake uani kati ya nyumba za watu. Ilikuwa ndiyo sababu ya mashine ya Kawangware. Sponji za kule zilikuwa zimeanza kurudi na majibu, na kwa mara ya kwanza Fundi aliacha kusema "Bado." Alikuwa akisema, "Karibu." Zikikamilika za mwaka mmoja, Daktari wa maabara angepeleka ripoti, na yadi ingefungwa.

Nikanunua kifurushi. Fundi alikuwa ameenda Kawangware. Nilivuta kitanda, nikachomoa wino kwenye kalamu ya biki, nikajaza unga kwenye kile kijiti kitupu, nikakiingiza kwenye ufa na kupuliza. Nilipuliza urefu wote wa ukuta, kwa pumzi yangu mwenyewe, kitambaa nimejifunga puani. Nilijua upande wa pili kuna nini. Sanduku lilikuwa sakafuni, limeegemea ukuta ule ule. Nilijiambia lina kifuniko. Nilijiambia nimekifua mara tatu.

Usiku huo Nekesa alilala. Alilala na uliofuata, na mwingine. Vidonda vikakauka. Nilikuwa nikiamka kumsikiliza akipumua, na furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake, lakini ilikuwa furaha, sitasema uongo.

Fundi hakuuliza kitu. Aliendelea kupita na kisanduku chake begani, na kila alipopita niliinamia cherehani. Sikumuuliza tena maswali. Nadhani hapo ndipo mtu mwerevu angeshuku, lakini mimi nilidhani nimejificha.

Miezi mitatu baadaye Daktari alikuja mwenyewe na gari jeupe. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani, na alikataa kiti. Watu wa ploti walitoka kumwona. Alisimama mbele ya mlango wa Fundi, hatua mbili kutoka kwangu.

"Mzee," akasema, "shahidi wa masika ana sumu. Wa mwezi uliofuata anayo zaidi. Anayo kuliko hewa yenyewe."

"Hiyo haiwezi," akasema Fundi.

"Sponji mnaziweka wapi?"

Fundi akamwonyesha chumba. Daktari aliona sanduku, akafunga macho kidogo, akafungua. "Umetumia dawa ya wadudu humu?"

"Hapana."

"Majirani?"

Akageuka akanitazama. Si kwa shaka, hivyo ndivyo nilivyodhani. Kisha akamgeukia Daktari. "Hawa nawajua. Huyu mama ndiye alinishonea kifuniko cha sanduku, akakifua mara tatu bila sabuni. Andika jina langu. Kwa hii ploti hakuna mtu ameweka dawa."

Kisha Daktari akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Mzee, kama ningejua siku sumu ilipoingia, ningetupa za baada ya hapo na kuokoa za kabla. Za Kongo zote zingesimama. Lakini sponji zimekaa chumba cha kulala, na bila siku, hata mashahidi wa nyuma waliorudi wasafi hawatanithibitishia ni ipi safi na ipi chafu. Lazima niweke kando mwaka mzima."

Siku. Alitaka siku moja tu, na mimi nilikuwa nayo. Mdomo wangu, ambao Kianda nzima iliujua, ulikauka. Kama ningesema, landilodi angenitoa, na wapangaji waliolala na kunguni wao kwa kumheshimu mzee wangenitemea mate. Lakini hilo nilijifunza kulisema baadaye, kujitetea. Ukweli ni kwamba alikuwa ameniapia mbele ya watu, na sikuweza kuokoa sponji zake bila kumfanya mwongo. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Kola ile niliishona mara mbili, ikabidi niifumue.

Mashine ziliondolewa kabla ya mwisho wa mwezi. Maneno yakaenea kwamba Fundi alikuwa hapandi paani, alikuwa akikaa nyumbani na kuandika uongo. Yeye, aliyeandika jasho. Vijana wakarudi nyuma ya ukumbi. Alibaki wiki chache, akakaa kwenye kibao bila daftari, na kutoka upande wa pili wa ukuta nilimsikia akisogeza vitu, akivirudisha. Nilikuwa nimezoea ule mngurumo wa juu ya paa kiasi kwamba ulipokoma nilihisi masikio yameziba. Kisha siku moja chumba kilikuwa kitupu, na alikuwa amenirudishia kile kifuniko cha marikani, kimekunjwa vizuri, mlangoni kwangu. Sikukigusa siku mbili.

Nilibaki katika chumba kile miaka mingine minne. Ningeweza kuhama, vyumba vilikuwepo, lakini kila nilipofunga mizigo moyoni niliuona ufa. Niliuziba kwa udongo, nikabandika gazeti, nikaweka kabati. Nilijua bado uko, na nilijua unga uliomo ndani yake hauozi. Nekesa akaanza shule. Kila akisema "Bado" nilimkaripia bila sababu.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini nilipeleka yunifomu Kawangware, pale kituo cha matatu cha 46, kwa mama aliyekuwa na shule ndogo. Nikirudi nilipotea njia kidogo, nikatokea Kongo. Nje ya kibanda cha mabati alikuwa ameketi mzee anatengeneza stovu za mafuta ya taa, vipuri vimemzunguka. Sikumtambua, na sababu ya kutomtambua ndiyo iliyonivunja. Alikuwa anang'aa. Mikono, uso, mpaka vifundo vya miguu, amepaka mafuta kama mtu yeyote.

"Mama Nekesa," akasema. "Karibu. Mtoto ako aje?"

"Mzima, Fundi. Yuko darasa la kwanza."

"Analala?"

Nilikaa juu ya gunia bila kungoja kiti. Kulikuwa na harufu nzito ya kuchoma, na ukuta wa mabati nyuma ya kibanda chake ndio uliokuwa ukuta wa yadi. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, muuza dawa, kalamu, ufa, sanduku, jinsi alivyoniapia na jinsi nilivyonyamaza. Nililia, na nilikuwa nimejiapia sitalia, kwa sababu aliyedhulumiwa hakuwa mimi.

Alisubiri nimalize. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani, akatoka na daftari. Nililitambua, jalada lake limeliwa na mende. Akalifungua bila kutafuta ukurasa.

"Soma," akasema.

Yalikuwa maandishi yake madogo. Tarehe. Upepo kutoka kusini, mvua asubuhi, stima haikupotea. Na chini yake: "Usiku. Mtoto wa jirani amelala. Hajakuna."

"Nilikuwa nasikia kila usiku," akasema. "Wewe ulidhani ukuta unasikika upande mmoja? Nilikuwa nasikia kucha kwa ngozi. Halafu usiku mmoja, kimya. Nikajua. Nami nikajiambia sanduku lina kifuniko."

"Sasa kwa nini uliapa?"

Alichomoa kalamu mfukoni. "Nilikuja kuona mgongo wake, Mama Nekesa. Nikakuambia tungoje jua." Akageuza kalamu mkononi. "Maisha yangu yote sijawahi kuongopa kwa namba. Siku hiyo niliongopa kwa mdomo. Baadaye nilitaka kurudi kwa Daktari, lakini ningesema nini? Kwamba niliapa na nilikuwa najua? Na hii hapa," akagonga ule mstari, "ni mtoto kulala. Haisemi dawa. Mimi si mkono uliopuliza."

Moshi ulivuka mabati ukatufikia. Hakuna aliyeziba pua. Kulikuwa na watoto wakicheza bano chini ya ukuta ule, na mmoja akakohoa, akarusha gololi yake.

"Zile namba hazikutupwa," akasema. "Ziliwekwa kando. Daktari aliniambia mwenyewe, mtu akileta sababu iliyoandikwa, atazifungua. Nimekaa hapa karibu na hii yadi nikingoja sababu. Lakini itakuwa na jina lako. Watajua ulinunua nini, ulificha nini. Landilodi atajua. Sitakulazimisha."

Akanipa daftari na kalamu. Ilikuwa biki, mpya, wino umejaa. Nililiweka daftari magotini. Nilifikiria chumba changu, cherehani mlangoni, wapangaji wanaonisalimia. Nilifikiria miaka ile yote nikiutazama ufa nyuma ya kabati. Kisha nikaandika chini ya mstari wake, kwa herufi kubwa kama za Nekesa, kwamba siku hiyo nilipuliza dawa ya kunguni ya Kongo kwenye ufa wa ukuta, ikaingia chumbani kwa Fundi, na kwamba yeye hakuwepo. Nikaandika jina langu lote, lile la kwenye kitambulisho, na nambari yake. Nikampa.

Alisoma taratibu, midomo ikisogea. Akasoma tena. Kisha akanirudishia.

"Umesahau saa," akasema.

Sikuhitaji kufikiri. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nikaandika saa.